Mwezi Mpevu wa Pasaka: Namna Eklezia Ilivyojifunza Kuhesabu Mwezi



Kila mwaka, Kwaresima inapokaribia, watu wa kijiji hutujia na swali lilelile. Noeli wanaijua: ni tarehe 25 ya mwezi wa kumi na mbili, haihami. Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria wanaijua pia: ni tarehe 15 ya mwezi wa nane. Lakini Pasaka je? Mwaka 2024 iliangukia tarehe 31 ya mwezi wa tatu. Mwaka 2025, tarehe 20 ya mwezi wa nne. Mwaka 2026, tarehe 5 ya mwezi wa nne. Mama mmoja mzee alituambia siku moja mbele ya mlango wa kanisa: «Mwalimu, mwanangu, Bwana wetu alifufuka siku moja tu. Mbona ninyi mnamfufua kila mwaka siku nyingine?»

Watu wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini swali lake halikuwa la mchezo. Wakristu wa zamani waligombana sana juu ya jambo hilo, hata wakakaribia kutengana. Jibu lake liko juu ya vichwa vyetu, nalo ni mwezi. Basi, tueleze kwanza mwezi wenyewe ulivyo, kisha tusimulie namna watu walivyojifunza kuuhesabu, walivyokosea, na walivyokubali kusahihishwa.

Mwezi hauna mwanga wake

Mwezi hauna moto wala taa ndani yake. Ni jiwe kubwa la mviringo, lenye upana wa kilometa 3.474, linalozunguka dunia yetu kwa umbali wa kilometa 384.000 hivi. Mwanga tunaouona usiku ni mwanga wa jua unaoupiga mwezi na kurudi kwetu.

Anayetaka kusadiki afanye hivi. Usiku awashe taa moja tu chumbani, aweke juu ya meza. Achukue chungwa, alinyoshe mbele yake kwa mkono, juu kidogo ya kichwa. Akiitazama taa, upande wa chungwa anaouona ni wa giza: huo ndio mwezi usioonekana. Ageuke polepole mahali pake, na chungwa mkononi. Atauona kwanza ukingo mwembamba wa mwanga, kama ukucha: huo ni mwezi mwandamo. Akigeuka zaidi, ataona nusu ya chungwa inang'aa. Akiipa taa mgongo, chungwa lote litang'aa mbele yake: huo ni mwezi mpevu. Akiendelea kugeuka, mwanga utapungua tena mpaka giza. Chungwa ni lilelile, na nusu yake moja ilikuwa na mwanga saa zote. Mahali pa kutazamia tu ndipo pamebadilika.

Kwa hiyo mwezi mpevu hutoka mashariki wakati jua linapotua magharibi, kwa kuwa viwili hivyo vinaelekeana, na dunia iko katikati. Kila siku mwezi huchelewa kutoka kwa dakika 50 hivi. Baada ya juma moja hutoka karibu na usiku wa manane, nao ni nusu tu. Tena, sisi tunaokaa karibu na ikweta tunauona mwezi mwandamo umelala kama mtumbwi majini. Watu wa Ulaya wanauona umesimama zaidi kama upinde. Mwezi ni mmoja, lakini sisi tumesimama mahali mbalimbali pa dunia.

Wengine watauliza: ikiwa dunia iko katikati, mbona kivuli chake hakiufuniki mwezi mpevu kila mara? Ni kwa sababu njia ya mwezi imeinama kidogo, kadiri ya digrii tano. Mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli. Ukiingia ndani yake, ndipo mwezi unapopatwa. Jua nalo hupatwa siku za mwezi usioonekana tu, mwezi unapopita mbele yake. Hayo wazee wa Eklezia waliyajua. Julius Africanus, mwandishi Mkristu wa karne ya tatu, alionyesha kwamba giza la Ijumaa Kuu halikuwa kupatwa kwa jua kwa kawaida, kwa sababu Pasaka ya Wayahudi huwa wakati wa mwezi mpevu, na siku hizo jua haliwezi kupatwa.

Hesabu isiyokubali kugawanyika

Katika Kiswahili tunasema «mwezi» kwa kitu kinachong'aa usiku, na tunasema «mwezi» kwa siku thelathini za kalendari. Neno ni moja, kwa kuwa zamani hesabu ilikuwa moja. Lakini tazama shida iliyomo.

Kutoka mwezi mpevu mmoja mpaka mwingine ni siku 29, saa 12 na dakika 44 hivi. Miezi 12 ya namna hiyo yafanya siku 354. Lakini mwaka wa jua una siku 365 na karibu robo. Zapungua siku 11! Ndiyo sababu mfungo wa ndugu zetu Waislamu, ambao hufuata mwezi peke yake, husogea mbele kila mwaka, na kupita katika majira yote. Wayahudi walifanya njia nyingine: mwezi ulipozidi kuachana na majira, waliongeza mwezi wa kumi na tatu, ili sikukuu zao zisitoke katika wakati wa mavuno.

Mwaka 432 kabla ya Kristu, Mgiriki mmoja wa Athene, jina lake Meton, alitangaza hesabu nzuri: miaka 19 ya jua inalingana na miezi 235 ya mbinguni, karibu sawasawa. Maana yake, mwezi mpevu ukionekana leo, baada ya miaka 19 utaonekana tena karibu tarehe ileile. Shikeni neno hilo «karibu», kwa kuwa ndilo lililoleta taabu baadaye.

Ugomvi wa kwanza

Waisraeli walichinja mwanakondoo wa Pasaka jioni ya siku ya 14 ya mwezi wao wa Nisani, yaani mwezi unapojaa. Bwana wetu aliteswa siku zizo hizo, akafufuka siku ya kwanza ya juma, ndiyo Dominika. Basi Wakristu walikuwa na alama mbili: mwezi mpevu na Dominika. Je, washike ipi?

Wakristu wa Asia Ndogo walishika siku ya 14 ya mwezi, hata ikiangukia Jumanne au Alhamisi. Wakristu wa Roma walingoja Dominika. Karibu mwaka 155, Mtakatifu Polikarpo, askofu wa Smirna, mzee sana, alisafiri mpaka Roma kusemezana na Papa Aniketo. Hakuna aliyemshinda mwenziwe kwa maneno. Lakini Papa alimpa mgeni wake heshima ya kuadhimisha Ekaristi katika kanisa lake, na wakaagana kwa amani.

Karibu mwaka 190, Papa Viktor hakuwa na uvumilivu huo. Alitaka kuwatenga Wakristu wa Asia. Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon, ambaye mwenyewe alishika Dominika, alimwandikia akimsihi asivunje umoja kwa ajili ya siku, akimkumbusha habari ya Polikarpo na Aniketo.

Mwaka 325, Kaisari Konstantino alipowakusanya maaskofu katika Mtaguso Mkuu wa Nisea, jambo hilo lilikuwa mbele yao pamoja na ugomvi wa Ario. Wakaamua kwamba Wakristu wote waadhimishe Pasaka siku moja. Kanuni iliyoshikwa na Eklezia baadaye ni hii: Pasaka ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoanguka tarehe 21 ya mwezi wa tatu au baada yake. Tarehe hiyo iliwekwa kwa kuwa ndipo mchana na usiku hulingana duniani kote, na jua la adhuhuri husimama juu ya ikweta. Mwezi mpevu ukianguka Dominika yenyewe, twangoja Dominika ifuatayo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2025: mwezi ulijaa Dominika tarehe 13 ya mwezi wa nne, na Pasaka ikawa tarehe 20.

Lakini nani atahesabu? Kazi hiyo ilifanywa zaidi na mji wa Afrika, Aleksandria katika Misri, kwa kuwa huko walikuwako wachunguzi hodari wa nyota. Kila mwaka askofu wa Aleksandria alituma barua ya kutangaza siku ya Pasaka. Barua za namna hiyo za Mtakatifu Athanasio zimebaki mpaka leo. Mwaka 525, mmonaki mmoja wa Roma, Dionisio Mdogo, alichukua hesabu ya Aleksandria, yenye miaka 19 ya Meton, akatengeneza jedwali la Pasaka kutoka mwaka 532 mpaka 626. Ni yeye pia aliyeanza kuhesabu miaka tangu Bwana wetu alipojifanya mtu.

Mfalme anakula, malkia anafunga

Msifikiri kwamba mambo hayo yalikuwa ya vitabu tu. Yaliingia hata nyumbani mwa watu.

Kaskazini ya Uingereza, katika nchi ya Northumbria, alitawala mfalme Oswiu. Alikuwa amefundishwa dini na wamonaki wa Irlandi, waliotumia jedwali la zamani la miaka 84. Mkewe, malkia Eanfled, alitoka kusini, nako walifuata desturi ya Roma. Mtakatifu Beda anatusimulia kwamba mwaka mwingine mfalme alikuwa amekwisha maliza kufunga, anakula na kushangilia Pasaka, na malkia pamoja na watu wake walikuwa bado katika Dominika ya Matawi, wanafunga! Nyumba moja, meza moja, imani moja, lakini mwezi mmoja unahesabiwa namna mbili.

Mwaka 664 wakakutana Whitby, katika monasteri ya Mtakatifu Hilda. Askofu Kolman aliwatetea Wairlandi, padri Wilfrid akaitetea Roma. Mfalme akaamua kuifuata Roma, kwa kuwa Petro ndiye aliyekabidhiwa funguo. Mwaka 725, Beda mwenyewe aliandika kitabu kikubwa juu ya kuhesabu nyakati. Humo alieleza kuongezeka na kupungua kwa mwezi, na namna maji ya bahari yanavyopanda na kushuka kwa kuufuata mwezi.

Kosa dogo linakua

Tulisema miaka 19 inalingana «karibu» na miezi 235. Katika kalendari ya zamani iliyowekwa na Yulio Kaisari, tofauti ni saa moja na nusu hivi. Nani atajali saa moja na nusu katika miaka 19? Lakini katika miaka 300 na kitu, yafanya siku nzima. Tena mwaka wa Yulio Kaisari ulikuwa mrefu kupita mwaka wa kweli kwa dakika 11 hivi. Kosa hilo nalo lafanya siku moja katika miaka 128.

Hivyo jedwali lilisema «mwezi mpevu ni leo», na Wakristu wakitoka nje usiku wakaona mwezi umekwisha anza kupungua. Mtu yeyote mwenye macho aliweza kuliona kosa hilo. Mwaka 1267, Mfransiskano Roger Bacon wa Uingereza alimwandikia Papa Klementi IV, akieleza makosa ya kalendari na aibu yake kwa Wakristu. Papa huyo akafa mwaka uliofuata, na jambo likalala. Mwanzoni mwa karne ya 16, Papa Leo X aliwauliza wataalamu, na Kopernik alikuwa mmoja wao. Baadaye Kopernik aliandika kwamba wakati ule urefu wa mwaka na wa mwezi ulikuwa haujapimwa vizuri bado.

Siku kumi zilizofutwa

Aliyepata dawa hakuwa askofu wala padri, alikuwa mganga kutoka Kalabria, kusini ya Italia, jina lake Luigi Lilio. Alikufa mwaka 1576, na kazi yake ikapelekwa Roma na ndugu yake Antonio. Papa Gregori XIII akaweka halmashauri. Ndani yake alikuwamo Christoph Clavius, padri Myezuiti, mwalimu wa hesabu katika chuo cha Wayezuiti Roma. Mpaka leo katika Vatikani kuna chumba kilichowekewa mstari sakafuni na padri Ignazio Danti, Mdominikani: mwanga wa jua huingia kwa tundu dogo la ukutani na kuonyesha, adhuhuri, mwendo wa jua katika majira. Mahali pale mwanga wenyewe ulishuhudia kwamba siku ya kulingana kwa mchana na usiku ilikuwa imerudi mpaka tarehe 11 ya mwezi wa tatu. Siku kumi zilikuwa zimepotea. Mwezi wa jedwali nao ulikuwa nyuma ya mwezi wa mbinguni kwa siku tatu au nne.

Tarehe 24 ya mwezi wa pili mwaka 1582, Papa akatia sahihi barua yake. Siku kumi zikafutwa: katika nchi zilizotii mara moja, kama Italia na Hispania, Alhamisi tarehe 4 ya mwezi wa kumi ilifuatwa na Ijumaa tarehe 15. Mtakatifu Tereza wa Avila alifariki usiku ule wa tarehe 4, akazikwa kesho yake, tarehe 15. Ndiyo sababu sikukuu yake ni tarehe 15 ya mwezi wa kumi. Ili kosa lisirudi, miaka 1700, 1800 na 1900 ikanyimwa ile siku ya 29 ya mwezi wa pili, lakini 1600 na 2000 ikapewa. Na jedwali la mwezi likawekewa masahihisho ya siku moja, mara nane katika miaka 2500.

Wengi walikataa, si kwa kuwa hesabu ilikuwa mbaya, lakini kwa kuwa ilitoka kwa Papa. Waprotestanti wa Ujerumani walingoja mpaka mwaka 1700. Uingereza mpaka 1752, na wakati huo siku za kufutwa zilikuwa 11. Serikali ya Urusi ilikubali mwaka 1918.

Naye Clavius alionyesha unyenyekevu katika uzee wake. Galileo alipotangaza mwaka 1610 kwamba kwa darubini ameona milima katika mwezi na nyota ndogo zinazozunguka sayari ya Jupita, Clavius alikuwa na mashaka. Kisha yeye na wenzake wakatazama kwa darubini yao wenyewe, na mwaka 1611 wakashuhudia kwamba mambo mapya yaliyoonekana mbinguni ni ya kweli, ingawa juu ya ile milima ya mwezini mzee Clavius aliendelea kusita. Mwaka 1651 Myezuiti mwingine, Riccioli, alipotoa majina kwa mahali pa mwezini, aliita shimo moja kubwa kwa jina la Clavius. Upana wake ni zaidi ya kilometa 200.

Mwezi wa jedwali na mwezi wa mbinguni

Tusidanganye: hata leo jedwali la Eklezia si mbingu yenyewe. Ni hesabu iliyowekwa ili kanisa la Bukavu, la Roma na la Manila yaadhimishe siku moja, wala yasingoje mawingu kuondoka. Mara mojamoja inatofautiana na mbingu. Mwaka 2019, mwezi mpevu wa kweli ulitokea tarehe 21 ya mwezi wa tatu, muda mfupi baada ya mchana na usiku kulingana. Lakini katika jedwali uliandikwa tarehe 20, siku moja kabla ya mpaka. Basi tulingoja mwezi uliofuata, na Pasaka ikawa tarehe 21 ya mwezi wa nne.

Kwa kanuni hiyo Pasaka haiwezi kutangulia tarehe 22 ya mwezi wa tatu, wala kupita tarehe 25 ya mwezi wa nne. Ya mapema kabisa ilikuwa mwaka 1818, nayo itarudi mwaka 2285. Ya mwisho kabisa ilikuwa mwaka 1943. Wengi wetu, Mungu akipenda, tutaiona nyingine mwaka 2038.

Lakini lile lililotakiwa Nisea, yaani Wakristu wote siku moja, halijatimia bado. Ndugu zetu Waortodoksi karibu wote hufuata jedwali la zamani, ambalo mwezi wake umechelewa sasa siku nne au tano. Mwaka 2024, Pasaka yao ilikuwa tarehe 5 ya mwezi wa tano, majuma matano baada ya yetu. Mwaka 2025, miaka 1700 baada ya Nisea, sote tuliadhimisha pamoja tarehe 20 ya mwezi wa nne. Mtaguso wa pili wa Vatikani, mwaka 1963, ulikwisha tamka kwamba Eklezia haikatai Pasaka kuwekewa Dominika moja isiyohama, ikiwa Wakristu wengine nao wanakubali. Naye Papa Fransisko, miezi michache kabla ya kufariki kwake siku iliyofuata Pasaka ile ya 2025, alirudia kusema kwamba Eklezia Katolika iko tayari kukubali siku ya pamoja.

Jibu kwa yule mama

Basi, mama, jibu letu ni hili. Bwana wetu alifufuka mara moja tu, ni kweli. Lakini siku ile ilikuwa na alama mbili, Dominika na mwezi mpevu. Tarehe moja ya kalendari haiwezi kuzishika zote mbili, kwa kuwa mwezi haufuati kalendari yetu. Eklezia ilichagua kushika alama na kuiacha tarehe ihame.

Nasi tunaosimulia tumejifunza jambo jingine. Mwezi haukukosea hata mara moja. Waliokosea ni watu, na kosa lao lilikuwa dogo mno, saa moja na nusu. Lakini kwa kuwa halikusahihishwa mapema, liliwapotezea siku nzima. Na siku ya kulisahihisha, iliwabidi kufanya jambo gumu: kutoka nje, kutazama juu, na kukiri kwamba jedwali walilorithi kwa baba zao limekosea. Waliokataa kwa ajili ya kiburi walibaki na mwezi usiolingana na macho yao.

Mwaka ujao, katika Juma Takatifu, tokeni nje usiku na watoto wenu. Mwezi mpevu wa jedwali huanguka daima kati ya Dominika ya Matawi na Jumamosi Takatifu. Ule wa mbinguni hautakuwa mbali. Waonyesheni, na waambieni: kwa mwanga huo, unaotoka kwa jua, Waisraeli walitoka Misri, na chini ya mwanga huo Bwana wetu alisali Getsemani.